Zulia la Mama Benjamini

Sindano ilimchoma Amira kidole kilekile cha jana. Akakinyonya, akaendelea kupinda khanga.

Barazani kwa Abdulrazak, hapo Kariakoo, wenzake wawili walikuwa wanakanyaga cherehani, yeye anashona kwa mkono. Mbele yao wachukuzi walipita na marobota kichwani wakipaza sauti, "Pisha, mzigo huo," na mkokoteni wa mabomba ulikuwa umekwama katikati ya njia, mwenyewe akitukanwa na kila aliyeshindwa kupita. Tangu maji ya masika yaingie bondeni Buguruni, yakaondoka na cherehani ya Amira pamoja na ukuta mzima wa nyuma wa nyumba, kazi aliyokuwa akiimaliza kabla chai haijapoa sasa ilimla nusu ya asubuhi.

"Uzi umepanda tena," Abdulrazak alisema kutoka ndani ya duka. "Kuanzia leo kila mtu anakuja na uzi wake."

"Malipo yaleyale, baba?"

"Kwani mimi ndiye niliyeupandisha?"

Amira akatunga uzi. Abdulrazak alikuwa na unasaba wa mbali na marehemu mumewe, Abdulhadi, na hakuacha kumkumbusha kwamba baraza ile anakaa kwa hisani.

Simu ikaita. Alikuwa Klara, dada wa misheni. Wamisionari hao walipiga hema kwenye uwanja wa kanisa maji yalipopungua, wakagawa unga na magodoro bila kumuuliza mtu anasali wapi. Hata msikitini walisifiwa. Sasa walikuwa wamefika kwenye kujenga.

"Mama Shaima, za kazi? Sikiliza, wageni wanapita leo, si keshokutwa tena. Mchungaji Allen mwenyewe. Kwenye uchochoro wenu anachagua nyumba moja, basi, wanafunga."

"Leo saa ngapi?"

"Alasiri hii. Nimeshapita kwako, nimemkuta Bibi. Nimemwambia msihangaike na kitu, tunakuja kuangalia tu."

Kumwambia Bi Khairunnisa, mama mkwe wake, kwamba kuna mgeni halafu asihangaike ni kumwambia asipumue.

Akakunja khanga. "Baba, naomba niende nyumbani mara moja. Watu wa ukuta wanakuja."

"Nenda. Hizo anamaliza mwingine."

Akaenda kwa miguu, kwa sababu nauli ilikuwa ndiyo mkaa wa jioni. Njia nzima aliwaza jambo moja: ukuta. Pale uliposimama palining'inia turubai, na nyuma ya turubai ni bonde, majani, mbu na harufu ya mto. Binti yake Shaima alikuwa na pumu. Zahanati walimwambia mtoto atolewe kwenye unyevu, wakamwita anayefuata, kana kwamba kuna chumba kingine mahali kinamsubiri mtoto huyo. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Tayari jioni mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Pugu. Amira alikuwa amepanga: wageni wakija, anafungua mlango, anawaonyesha turubai, matope, godoro lililovimba, mtoto. Haongezi neno. Nyumba yenyewe ingejieleza.

Alipoingia uchochoroni alinusa udi.

Akakimbia hatua za mwisho. Mlangoni alisimama kama aliyekosea nyumba. Sakafu ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Juu yake zulia jekundu lenye maua, analijua, la jirani yao Scholastika, mama Benjamini. Meza ndogo ni ya Scholastika, chupa ya chai ya Scholastika, vikombe vyenye mstari wa dhahabu vya Scholastika, na sahani ya kashata za nazi. Na nyuma, kutoka kwenye kenchi ya paa hadi chini, pale palipokuwa na turubai, lilining'inia pazia zito la kijani, limenyooshwa vizuri, mtu angedhani nyuma yake kuna dirisha. Shaima amevalishwa gauni la Idi, amekaa pembeni, ameambiwa asikohoe.

Bi Khairunnisa alikuwa anapuliza kaa la chetezo.

"Mama, hiki nini?"

"Wageni wanakuja."

"Najua wanakuja. Wanakuja kuangalia shida yetu, Mama."

"Mimi sijawahi kumkaribisha mtu kwenye shida." Hakunyanyua uso. "Mzee wa watu anatoka huko kwao, anavuka bahari, aingie kwangu nimkalishe kwenye tope? Aende akasimulie nini?"

"Akasimulie kwamba hatuna ukuta. Ndicho tunachotaka."

"Na mama Benjamini wa watu amejitolea vyombo vyake vyote, amejivua mpaka pazia. Nimrudishie usoni?"

Amira alishika pazia akaanza kulivuta. Bi Khairunnisa akaweka chetezo chini.

"Hapo alipolala mwanangu siku ya mwisho," alisema taratibu, "unataka wanaume wa kigeni wapachungulie kama choo cha stendi. Vuta. Nakutazama."

Mkono wa Amira ukabaki kwenye pazia. Akiwa bado amesimama hivyo, hodi ikapigwa.

Wakaingia watatu. Twaha, mjumbe wa shina, alitangulia kama mwenye nyumba. Klara akafuata, na nyuma yake Mchungaji Allen, mzee mrefu aliyeinamisha kichwa asijigonge kizingitini. Alikuwa amejifunzia Kiswahili Morogoro na alikisema polepole, safi, kila neno peke yake.

Alivua viatu alipoona zulia. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibu. Karibuni ndani, msisimame."

Wakaketi. Chai ikamiminwa. Bi Khairunnisa, ambaye asubuhi alikunywa maji ya moto yasiyo na sukari ili sukari iliyobaki itoshe vikombe vitatu, alimsukumia mgeni kashata mpaka akala mbili. Aliulizia hali ya mkewe, wanawe, na mvua za huko kwao. Mchungaji alicheka, akamwambia anamkumbusha mama yake mzazi. Klara alikuwa anatazama dari, anatazama sakafu, anatazama pazia. Amira akajaribu kumkonyeza. Klara akadhani anasalimiwa, akatabasamu.

"Si nilikwambia, Mchungaji," Twaha alisema huku akijipangusa nazi kwenye masharubu. "Hawa Waarabu hawa hata wakilala njaa wanalala kwenye zulia. Ndugu zao wamejaa Kariakoo na maduka yao."

"Ndugu yupi, mjumbe?" Amira aliuliza. "Mtaje mmoja aliyetuletea hata msumari."

"Natania tu, mama Shaima. Mbona umepanda moto."

Mchungaji Allen aliweka kikombe. "Kwa kweli nimefurahi. Nyumba nyingi tulizoona leo zinaumiza moyo. Hapa naona familia imekwisha kusimama tena. Bwana asifiwe."

Ndipo Amira aliposimama.

"Baba Mchungaji, hatujasimama. Ukuta wa nyuma haupo."

Akalivuta pazia. Turubai likaonekana, limechanika ubavuni, na kwenye mchaniko lilionekana bonde na takataka zilizonasa kwenye magugu tangu masika. Upepo ukaingia na harufu yake, udi ukashindwa. Shaima akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha filimbi.

Mchungaji Allen alitazama turubai, akamtazama Bi Khairunnisa. Kila mtu alimtazama Bi Khairunnisa. Mwanamke yule alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, mtandio haujasogea.

"Ni kweli, baba," alisema. "Ukuta ulianguka. Lakini mafundi wanakuja kesho. Wajukuu wa ndugu yangu wameshalipia kila kitu. Msijisumbue na sisi, wapo wenye shida kweli."

Hapakuwa na mafundi. Hapakuwa na wajukuu wa ndugu. Amira alifungua mdomo, neno likafika kwenye ulimi, likakaa hapo. Angesema nini? Mama mkwe anaongopa? Mbele ya wageni, mbele ya Twaha ambaye kabla ya magharibi angekuwa ameutangazia uchochoro mzima kwamba yule mke wa marehemu kamvua nguo mama mkwe wake? Mama yule aliyemuuguza Abdulhadi mikononi mpaka akakata roho, aliyebaki na mkwe na mjukuu badala ya kwenda kwa binti yake Tanga. Amira aliufunga mdomo.

"Basi, Mungu ni mwema," Mchungaji alisema, na uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo, maana nyumba ni nyingi na tofali ni chache. Aliomba dua fupi. Bi Khairunnisa aliinamisha kichwa kwa adabu, na mwishoni akaitikia amina.

Mlangoni Klara alimshika Amira kiwiko. "Kwa hiyo ni kweli mafundi wanakuja?"

Ndani, Bi Khairunnisa alikuwa ameacha kukusanya vikombe, anasikiliza.

"Bibi ameshasema," Amira alijibu.

Wakaelekea nyumba ya pili, kwa Scholastika.

Jioni, adhana ya magharibi ilipokwisha, Scholastika alipiga hodi. Alikuwa mama wa Nachingwea, mnene, mcheshi, anayeuza vitumbua sokoni Buguruni na kutaniana na kila anayepita. Jioni hii hakutania. Alisimama mlangoni akisokota ncha ya khanga yake.

"Nimefuata vile vyombo, mama Shaima."

"Ingia. Nilikuwa nataka kuvileta."

Hakuingia. "Wamenichagua mimi."

Amira alinyanyua macho.

"Sikuomba, wallahi, na mimi Mkristo naapa hivyohivyo. Walinikuta napiga deki. Chumba kitupu, sakafu imelowa, sina hata pa kuwakalisha, vitu vyote viko huku. Yule baba akashika kichwa. Akaniuliza maji yalichukua kila kitu? Mimi nikafungua mdomo niseme, mjumbe akadakia, 'Kila kitu, Mchungaji, mama huyu hana hata kijiko.' Wakaanza kuomba palepale, Klara analia. Utamkatisha mtu anayelia kwenye maombi?"

"Lakini ukuta wako mzima."

"Mzima. Nyumba yako ndiyo iliyopokea maji, yangu ikajificha nyuma yako. Nimewaambia. Fundi wao akasema mradi ni wa ukuta wa upande wa bonde, kila nyumba inayochaguliwa inajengewa huo. Wanaubomoa wangu Jumatatu, waujenge upya. Nikasema basi hizo tofali mpeni jirani. Wakasema haziruhusiwi kuhamishwa, zimeombewa pesa kwa jina la nyumba, kuna watu huko ng'ambo watatumiwa picha."

Amira aliinama akaanza kukunja zulia kuanzia upande wa mlango. Lilikuwa limelowa kidogo pale karibu na turubai. Scholastika akainama naye, wakalikunja pamoja. Walipofika mwisho, Amira alisema:

"Huo wa zamani wakiubomoa, mama Benjamini, tofali zitakazopona wasizitupe. Hata vipande. Nitavibeba mwenyewe."

Scholastika alikaa chini, juu ya zulia lililokunjwa.

"Kifusi ameshakiomba Twaha," alisema. "Anataka kujaza shimo mbele ya kibanda chake cha soda. Wamemkubalia."

Amira akapanda kwenye kigoda, akafungua kamba ya pazia. Lilianguka mikononi mwake likiwa na harufu ya udi. Nyuma, turubai lilijaa upepo, likatulia, likajaa tena. Shaima alikuwa amelala upande ule, kwa sababu ndiko godoro lilikoenea, anavuta pumzi moja moja.

Bi Khairunnisa alikuwa amekaa penye kona yake, tasbihi mkononi, amewapa mgongo. Amira alipopanga vikombe juu ya meza na kuichukua sahani ya kashata, ndipo sauti ya mzee ilipotoka, ndogo na kavu.

"Usimrudishie mwenzio sahani tupu."

Kashata zilibaki tatu. Amira alimwekea mtoto moja chini ya mto. Mbili akaziacha kwenye sahani, akazifunika kwa kikombe, akashika upande mmoja wa zulia. Scholastika akashika wa pili, wakatoka nalo uchochoroni, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga mabati.