Shimo Moja Mtito Andei

Jua la Mtito Andei halina adabu. Asubuhi hukaa upande wa barabara kama mgeni anayengoja kukaribishwa, lakini ikifika saa nane mchana huzunguka Hoteli Karima, likauegemea ukuta wa magharibi, na ukuta ukageuka jiko.

Mwaka huo wa sabini na tatu, Waithera, mwenye hoteli, alijua wakati wa hasara yake bila kutazama saa. Dereva aliyeinamia sahani ya maharagwe alianza kujifuta shingo. Kisha akajipepea kwa kofia. Mwisho akabeba kikombe chake cha chai, akavuka barabara, akaenda kukinywea kwa Abdallah, muuza chai wa ng'ambo, chini ya mwarobaini, na akiwa pale akaagiza cha pili. Jioni Waithera alivuka kwenda kukusanya vikombe vyake. Abdallah, mtu mwenye heshima zake, alikuwa amekwisha kuvisuuza na kuvipanga kwenye sinia. Heshima hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko hasara yenyewe.

Mti ulihitajika. Juu ya hilo yeye na mumewe Gachanja hawakubishana. Gachanja alikuwa akiziba pancha za malori kando ya hoteli, mtu wa mabega na maneno mafupi, na mwezi wa Oktoba aliacha matairi akashika mtaimbo. Udongo wa pale unafika magotini tu, chini yake ni mwamba. Alichimba siku tano. Shimo lilipofika kiunoni, alitupa mtaimbo chini ukalia, akamwonyesha mkewe viganja.

"Mama Kahiga, shimo ni hili. La pili utachimba kwa meno."

Basi likawa shimo moja, hatua nne kutoka ukutani na hatua sita kutoka kwenye tangi. Tangi hilo lilikuwa limezikwa ardhini, limejengwa kwa simenti, likipokea maji ya paa. Waithera alilijenga yeye pamoja na wanawake wa kikundi chake, wakibeba mchanga vichwani kutoka korongoni msimu mzima. Mvua zikikosa, maji ya tangi ndiyo yaliyopika chai. Tangi likikauka, hoteli inafungwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa hilo.

Shimo likishachimbwa kando ya barabara, kila apitaye huwa bwana shamba. Rashid, dereva wa lori aliyezaliwa Kitui mjini katika ukoo uliotoka pwani, alisimama juu yake akiwa na mswaki mdomoni.

"Panda mwarobaini, mama. Nitakuletea mche kutoka Mombasa. Haujui kiangazi ule."

"Kama wa Abdallah?" Gachanja aliuliza kutoka chini ya tairi.

"Kama wa Abdallah."

"Basi waambie madereva tumekuwa tawi la Abdallah."

Waithera alikuwa na sababu yake nyingine. Alikuwa ameona ndege wakigombania matunda ya ule mwarobaini, na matunda yakidondoka kwenye vikombe. Vikombe vyake. Mwembe nao aliukataa kabla haujatajwa mara mbili, kwa kuwa mwalimu mmoja aliyekaa ukingoni mwa mbuga alikuwa na miembe miwili uani, na ndovu walipoinusa waliipitia kwa njia ya mkato, yaani kupitia jikoni.

Gachanja hakuwa amesema mti wake. Alikwenda kwao Othaya kumzika shangazi, akarudi kwa basi la asubuhi amekumbatia mkebe wa mafuta ya Kimbo. Ndani ya mkebe mlikuwa na mche wa mkaratusi wenye majani manane.

"Huu umetoka kwa baba," alisema, akauweka mezani katikati ya sahani.

Waithera aliijua ile mikaratusi. Ilisimama mstari nyuma ya nyumba ya baba mkwe wake, mirefu, na siku alipoletwa kama bi arusi harufu yake ndiyo iliyomlaki langoni.

"Kahura ameiuza," Gachanja alisema. Kahura alikuwa ndugu yake mkubwa. "Yote. Wenye msumeno walikuwa wanakata nikiwa pale. Huu niliung'oa kwenye mtaro."

Aliuchukua mkebe, akaunywesha maji ya kikombe chake mwenyewe, akaenda kuuweka kivulini nyuma ya jiko.

Siku hiyo Waithera hakupinga neno. Angepingaje? Lakini kesho yake Kaluki alipoleta maziwa ya mbuzi, kama alivyoleta kila asubuhi kutoka ng'ambo ya reli, aliuona mkebe akasimama.

"Mama Kahiga, huyu mnampeleka wapi?"

"Shimoni."

"Karibu na tangi? Aka! Nendeni kwanza mkaone kwa yule msimamizi wa barabara aliyehama. Halafu mje mniulize mimi."

"Wewe ungepanda nini, Mama Muthama?"

Kaluki alicheka, akafungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na kokwa tano ngumu, za rangi ya mfupa mzee.

"Mukau, mti wa huku kwetu. Hizi nimeziokota zizini. Mbuzi anakula tunda, anacheua usiku, asubuhi unakuta kokwa safi. Unaipasua kwa kisu, taratibu, usije ukakata kidole na mbegu pamoja. Ninao mche mmoja tayari, umefika hapa." Alijigusa kwenye kiwiko. "Mizizi yake inakwenda chini, haitafuti tangi la mtu. Mchwa hawaugusi. Na wakati miti mingine imekuwa kuni, wenyewe unatoa majani."

Gachanja aliyasikia yote kutoka kwenye matairi yake.

"Mti uliotoka mdomoni mwa mbuzi," alisema, "usimame mbele ya hoteli yangu?"

"Baba Kahiga, maziwa ya chai yako yametoka wapi?" Kaluki alimjibu, akabeba kibuyu chake akaenda.

Alasiri Waithera alitembea peke yake hadi kwenye ile nyumba ya msimamizi. Mikaratusi mitatu ilikuwa imesimama kando yake, minene, yenye afya njema. Tangi la pale lilikuwa limepasuka kutoka mdomoni hadi chini. Alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye ufa. Mzizi ulikuwa ndani, mnene kama mkono wake, umejaa nyuzinyuzi nyekundu zilizotambaa kwenye sakafu kavu zikitafuta tone la mwisho. Aliukata ule mzizi kwa kisu cha jikoni, akauleta nyumbani ndani ya kanga.

Aliuweka mezani, pale pale mkebe ulipokuwa umewekwa.

"Hii nini?" Gachanja aliuliza.

"Nimeutoa ndani ya tangi la simenti."

Gachanja aliugeuza. Aliunusa. Uso wake ulibadilika kwa harufu ile, na Waithera alikaribia kunyamaza. Hakunyamaza.

"Baba Kahiga, shimo umechimba wewe. Nimeona viganja vyako. Lakini tangi nimelibeba kichwani, mchanga kwa mchanga. Ukipanda ule, baada ya miaka sita mimi nitapika chai kwa maji gani?"

"Unataka niutupe mti wa baba?"

"Sijasema kutupa."

"Ndugu yangu ameuza. Wewe unakataa. Basi huo mti hauna kwao."

"Sijasema kutupa," alirudia. "Nimesema si hapo."

Gachanja alisimama, kiti kikaanguka, akatoka. Rashid, aliyekuwa akila ugali kwenye kona, alilitazama sufuria kana kwamba limeandikwa kitu.

Mvua ilinyesha Jumatano ya pili ya Novemba. Waithera alikwenda kwa Kaluki akalowa, akarudi na mche wa mukau ndani ya pakiti ya maziwa. Aliupanda akiwa peke yake, akajaza shimo kwa samadi na udongo, akaukanyaga kwa miguu mitupu. Gachanja alisimama mlangoni mikono kifuani. Hakumsaidia, wala hakumzuia. Mkebe wa Kimbo ulibaki nyuma ya jiko, na kila asubuhi, kabla hajagusa tairi, alikwenda kuunywesha.

Mukau haukuwa na haya. Ndani ya mwaka mmoja ulilipita paa. Waithera aliulisha maji ya kuoshea vyombo, na kila mwisho wa mwezi, saa tisa kamili, alichukua kipande cha makaa akachora mstari ukutani pale kivuli kilipofika. Mstari wa kwanza ulikuwa chini kabisa, karibu na ardhi. Alichokitaka ni dirisha. Kivuli kikifika dirishani, dereva ataweza kumaliza kikombe chake akiwa ameketi.

Mstari wa kumi ulikuwa shibiri moja chini ya dirisha. Wa kumi na moja haukuchorwa, kwa kuwa majani yalianguka. Yote. Kwa wiki moja mti ulikuwa fimbo imesimama juani, na madereva wakaanza tena kuvuka na vikombe.

Gachanja alikuja na panga mkono mmoja, mkebe mkono wa pili. Mkaratusi ndani yake ulikuwa umedumaa, umejikunja kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha mtoto.

"Umekufa," alisema. "Nimekaa kimya mwaka mzima. Sasa shimo lirudi kwangu."

"Haujafa."

"Waithera! Una macho?"

Hakuwa amemwita jina lake tangu mwana wao Kahiga azaliwe. Waithera aliweka karai chini, akauendea mti, akaukwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome la kijivu palikuwa kijani, na kidole kililowa.

"Kwaruza mwenyewe."

Gachanja hakukwaruza. Lakini panga alilishusha.

"Wiki mbili," alisema. "Siku kumi na nne, si zaidi."

Kiangazi kilikaza. Mawingu yalipita yakielekea Kitui bila hata kusalimia. Waithera aliendelea kumwaga maji ya vyombo, na kila asubuhi alikuta udongo wa shina umelowa kabla hajamwaga. Alidhani ni umande. Umande, Mtito Andei! Siku ya tano aliamka mapema akachungulia dirishani, akamwona mumewe ameinama na kile kikombe chake, amemaliza kunywesha mkebe, sasa anaumwagia mukau kilichobaki.

Hakumwambia kwamba amemwona.

Siku ya kumi na nne ilifika ikapita. Hakuna aliyeitaja. Ya kumi na tano ikapita. Siku ya kumi na saba Rashid alifika kutoka Mombasa, akatundika shati lake kwenye tawi, akarudi kulichukua akapiga kelele.

"Mama! Huu mti una meno!"

Vichipukizi vilikuwa vimetoka kila ncha, vidogo, vya kijani kinachometa. Kufikia mwisho wa mwezi mti ulikuwa umevaa, wakati vichaka vyote hadi relini vilikuwa vya rangi ya majivu. Kaluki alikuja kukata matawi ya chini kwa ajili ya mbuzi wake, akayakata polepole sana, mahali Gachanja alipoweza kumwona.

Jumapili moja Gachanja alichukua mtaimbo na mkebe, akaenda stesheni. Tangi la reli lilikuwa likivuja tangu enzi za mkoloni, na chini yake palikuwa na kijidimbwi na udongo mwingi. Aliomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, akachimba, akaupanda mkaratusi wa babake hapo. Alirudi jioni akiwa na majani yake mawili mfukoni mwa shati.

Mwezi wa Desemba alipaka hoteli chokaa kwa ajili ya Krismasi. Waithera alikuwa akikanda unga aliposikia brashi ikipita ukuta wa magharibi, ikapita, kisha ikasita. Alitoka mikono ikiwa na unga. Ukuta mzima ulikuwa mweupe, isipokuwa ukanda mmoja mwembamba kutoka ardhini hadi dirishani, ambapo mistari ya makaa ilibaki ilivyokuwa, kila mmoja.

Ilikuwa saa tisa. Ndani, dereva mmoja aliita aongezwe chai.

"Lete makaa," Gachanja alisema bila kugeuka. "Kimefika."