Tisa na Mbili Ndogo Begani

Vigae viliishia safu ya pili. Mwalimu Lalatiana alisimama kwenye kizingiti cha jiko jipya la shule, akaitazama sakafu: safu mbili za vigae vya udongo wa kuchoma zimenyooka vizuri kando ya ukuta wa ndani, kisha ni udongo mtupu hadi miguuni pake. Akavihesabu. Tisa, na tisa. Akavihesabu tena, safari hii akivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kandambili.

"Vingine viko wapi?"

Wanafunzi waliovibeba vichwani kutoka tanurini wakatazamana.

"Ndivyo vyote, Mwalimu," alijibu Fitahiana, binti wa miaka kumi na mitatu ambaye kwa kawaida ndiye aliyesema pale wenzake waliponyamaza. "Kumi na vinane, kama ulivyoagiza."

"Basi kuna vilivyovunjika njiani."

"Hakuna, Mwalimu."

Kumi na nane ndilo jibu walilolipata pamoja darasani. Jiko lilikuwa la mraba, na kila upande ulichukua vigae tisa. Walipima wenyewe kwa kigae kimoja cha kuazima. Lalatiana aliandika ubaoni 9², akaeleza kwamba ile mbili ndogo iliyokaa begani mwa tisa huitwa kipeo, na kwamba eneo la mraba wowote huandikwa hivyo, upande na kipeo cha pili. Mbele yake akaandika 18. Wanafunzi thelathini na mmoja wakanakili.

Hakuwa amesomea ualimu. Wazazi wa pale kilimani walimchagua kwa sababu alifika madarasa mawili mbele yao kabla ya kuacha shule, na kila mavuno walimlipa kwa vibaba vya mpunga. Kitabu chake cha hesabu kilikuwa kimoja tu, na ukurasa wa vipeo ulichanika chini kidogo ya mfano wa kwanza: 2² = 4. Mbili na mbili juu yake, nne. Ilimwingia akilini bila taabu, akashukuru kwamba kulikuwa na somo moja rahisi.

Mzee Ramanana, mchoma vigae, alifika baadaye kuangalia kazi yake. Watoto walikuwa wameshatawanyika. Lalatiana akamkaribisha kikombe cha maji yaliyochemshwa juu ya ukoko wa wali, yakiwa bado ya moto, naye akayanywa huku amechuchumaa, macho yake hayabanduki sakafuni.

"Kumbe ulitaka kuijaza yote," alisema hatimaye. "Mimi nilidhani unapamba ukingo wa mlango."

"Mbona hukuniuliza, baba?"

"Nilikuuliza, binti yangu. Mara mbili. Ukaniambia umepiga hesabu. Nikasema mwenye chaki ana yake ayajuayo."

"Vingine vinaweza kupatikana lini?"

"Mwakani. Mvua zimeshaanza kule bondeni, udongo umelowa, na watu wote wanapandikiza mpunga. Nani atanikandia?"

Msimu uliopita, kwenye jiko la zamani, mafiga yalizama topeni na chungu cha wali kikapinduka. Mtoto wa darasa la pili aliungua mguu, na hadi leo alitembea akiutanguliza wa kushoto. Kwa ajili ya mguu ule wazazi walikubali kujenga jiko lenye sakafu ngumu. Jumamosi wangekuja kuliona.

Mzee aliweka kikombe chini. "Sikiliza. Masikio yangu ni mabovu, kila mtu anajua. Nitawaambia wazazi nilisikia vibaya. Nani atabishana na mzee?"

Akaondoka kabla hajaambiwa ndiyo wala hapana.

Lalatiana akapiga magoti, akaanza kuvibandua vigae, maana bado havijashikizwa kwa udongo. Alivipanga mbili kwa mbili. Vinne. Hapo kitabu hakikukosea. Akapanga mraba wa tatu kwa tatu, akitarajia sita, lakini sita viliacha pengo. Mraba ulitaka tisa. Akavibadilisha mahali, akavigeuza, akahisi labda hakuvisukuma vikakutana. Bado tisa. Nne kwa nne vikaingia kumi na sita, naye alikuwa amewafundisha watoto nane.

Ilikuwaje mbili iseme kweli, halafu namba nyingine zote zimkane? Alifuta jasho kwa pindo la shuka yake, akarudi kwenye vile vinne, akavitazama kwa hasira kama mtu aliyemsengenya. Mbili na mbili. Mbili mara mbili. Alizitamka polepole, na katika kuzitamka akasikia kwamba hazikuwa maneno yaleyale, ingawa zilifika mahali pamoja. Tatu mara tatu. Nne mara nne. Tisa mara tisa.

Themanini na kimoja. Alikaa palepale chini, mikono imejaa vumbi jekundu, asijue kama alichokuwa nacho ni furaha au aibu.

Njiani kwenda nyumbani aliukubali msaada wa Mzee Ramanana, akaukataa, akaukubali tena. Asubuhi alipoingia darasani hakuwa ameamua. Aliandika ubaoni 9² = 18, akaweka chaki chini, akawageukia wanafunzi.

"Hii si kweli," alisema. "Mzee Ramanana alisikia sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea, nikawakosesha na ninyi. Fungueni madaftari, mfute."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Kulisikika tu karatasi zikifunuliwa, na vifutio vikikwaruza, na wasio na kifutio wakilamba kidole. Kisha Fitahiana akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Hili tumelifuta." Binti alirudisha nyuma kurasa za daftari lake, nyingi, zenye mwandiko wa miaka miwili. "Na haya mengine, je?"

Haikuwa dhihaka. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeuliza njia.

Madaftari thelathini na moja yalikuwa wazi mbele yake. Lalatiana akavuta kiti, akakiweka upande wa wanafunzi, karibu na benchi la kwanza, akaketi.

"Nisomee," alisema. "Anzia mwanzo."