Faili Lililolilia Titi

Kamati ya ofisi ilikaa mara ya kwanza kuamua programu ni ya nani, Mama Chaja akashindwa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ukiazima chaja yake usirudishe, utakiona cha mtema kuni. Meneja wake hakuazima chaja. Aliiba programu nzima ya kupanga vitanda vya wagonjwa, ile aliyoianza Mama Chaja nyumbani wakati wa likizo ya uzazi, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine umempakata mtoto.

Tarehe zilimbeba meneja. Kompyuta ya kwanza ya Mama Chaja ilirudishwa ofisini, mikononi mwa meneja, na nakala aliyobaki nayo aliihamishia kwenye mashine ya aina nyingine, ambayo ililihesabu faili kama limezaliwa siku lilipohamia. La meneja likaonekana ndilo lililotangulia kuzaliwa.

Basi Mama Chaja akaandika programu ndogo ya kuuliza kompyuta yoyote, ya mfumo wowote, faili limezaliwa lini. Kila mfumo uliificha saa hiyo mahali pake, na mwingine haukuitunza kabisa. Aliikomalia mifumo yote. Usiotunza tarehe ulitoa kilichobaki, yaani sauti za chumba siku faili lilipozaliwa: feni, mfuniko wa sufuria, kisha mtoto akililia titi. Mwanawe, ambaye sasa ana pengo la meno ya mbele, alikuwa anapita.

"Huyo mimi," alisema, akaenda kutafuta mpira wake.

Kamati ilipokaa tena, programu ile ndogo iliwekwa kwenye kompyuta ya meneja, nayo badala ya kutaja tarehe ikalia. Wajumbe walisikiliza kwa heshima. Mwenyekiti alikubali kwamba huyo ni mtoto, tena ana njaa, ila kanuni zinataja tarehe, hazitaji vilio. Meneja akapewa programu ya vitanda na ukurugenzi juu yake. Mama Chaja aliwapa mkono wote, moyoni akiwalaani mmoja mmoja.

Tangu hapo faili likifunguliwa linalia. Mkurugenzi alibadilisha kompyuta, akabadilisha mfumo, likalia vilevile, maana Mama Chaja hafanyi kazi nusunusu. Ofisi ikaajiri yaya. Alikuwa mzoefu, aliifunga kompyuta mgongoni kwa shuka akazunguka nayo ukumbini, mwishowe akairudisha mezani na kusema mtoto anamtaka mama yake.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe, macho mekundu.

"Mama Chaja, nakuomba. Njoo umnyamazishe, leo tu. Wateja wameshafika."

Mama Chaja alikuwa anakunja waya wa chaja. Alisikia raha mpaka kwenye visigino, wala hakuificha.

"Mbebe mwenyewe. Si uliapa ni wako?"

Mkurugenzi akarudi kwenye mlango wenye jina lake, akaomba shuka. Wateja walimkuta amesimama, kompyuta mgongoni, akiyumba taratibu huku na huku. Akawakaribisha viti, akaanza kuwaeleza jinsi alivyoibuni programu yake.