Dawa Iliyolala Buchani

Mume wangu ni fundi cherehani, na mwezi huu wote nimemwita mwongo asubuhi na jioni. Dawa ya sukari anajidunga, mimi nimesimama pale pale naangalia, lakini tukienda zahanati kupima, sukari iko juu. Sasa mtu anajidunga kila siku na sukari haishuki, si anakula vitu kwa kujificha? Nilimjia juu. Nilipekua mifuko ya suruali zake, nikanusa vikombe, nikaenda kumhoji mwenye duka. Alikana mpaka akachoka. Juzi akaniangalia, akasema basi, ni kweli, huwa anakunywa soda kazini. Nililia kwa hasira.

Maana dawa ile haiji bure. Nasuka nywele za watu kutwa nzima mpaka miguu inawaka moto, na kichupa kimoja kinameza jasho lote hilo. Friji hatuna, na nesi alituonya kwamba ikikaa kwenye joto inaharibika. Jirani yetu wa bucha, tunayemwita Mnofu kwa mwili wake ule, akasema tuipeleke kwake, baridi anayo ya kumwaga. Kila asubuhi nilikifuata kichupa, mume wangu akishajidunga nakirudisha. Mnofu hakutaka hata senti. Nilikuwa namwombea dua mtu yule.

Leo mume wangu ameamka anatapika, pumzi anaivuta kwa shida, ukimwita anachelewa kuitika. Sikungoja saa yangu ya kawaida. Nilitoka mbio na malapa yasiyofanana, nikamkuta Mnofu ndiyo kwanza anafungua bucha. Nikamwambia dawa, haraka. Akaenda kwenye friza la kugandishia nyama, akainua mfuniko, akasogeza maini, akachimba chini ya miguu ya ng'ombe, akatoa kichupa chetu. Kilikuwa kigumu kama jiwe.

Nikamuuliza hiki ni nini. Akanitoa wasiwasi, eti nimewahi tu kufika leo.

"Kila siku nakitoa mapema, nakiweka dirishani kwenye jua. Ukija unakuta kimeshayeyuka. Nakiweka chini kabisa, shemeji, kwenye baridi kali, maana ni dawa ya ndugu yangu."

Jamani. Nilitaka kumtukana, nikakuta sina tusi la mtu aliyetutendea wema. Nikamwambia tu kwamba mume wangu anakufa. Alifunga bucha na aproni yake ya damu mwilini, akaja kumbeba mgongoni hadi zahanati.

Nesi alikitazama kichupa, akakitupa kwenye ndoo ya taka.

"Ikiganda imekufa," akasema. "Ni sawa na kujidunga maji."

Akamdunga ya kwao, akamtundikia dripu, akaniambia tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Nje, Mnofu alikuwa amekaa chini ukutani, analia waziwazi, na watu wanampita.

Mchana mume wangu akafumbua macho. Nilimweleza yote. Halafu nikakumbuka, nikamuuliza na zile soda je. Akasema hakuna soda, hajagusa hata moja.

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Alivishika vidole vyangu, vilivyovimba kwa kusuka.

"Nilishaona dawa haifanyi kazi. Nikisema hivyo wangetuandikia ya bei kubwa zaidi, na wewe ungesuka mpaka uanguke. Nikaona bora unikasirikie."

Nilimtazama mtu huyu niliyelala naye miaka yote hii. Roho iliniuma, na hofu ikanishika upya, kubwa kuliko ya asubuhi. Alikuwa amekubali kufa huku namwita mwongo.