Kilomita za Mezani

Mwokaji mikate wa pale kona alikuwa mnene, tena mnene wa kuridhika, na kwa miaka ishirini na miwili unene wake haukumsumbua mtu. Nani atanunua mkate kwa mwokaji aliyekonda kama ufito? Wateja walimwita Bonge, mkewe alimwita Bonge, na yeye mwenyewe akipiga simu kuagiza unga alisema, "Ni mimi Bonge," na unga ukaletwa.

Kisha figo za dada yake zikagoma.

Dada huyo alimzidi miaka minane. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye ulimi unaonyoa bila maji, na ndiye aliyemlea Bonge baada ya mama yao kufariki. Sasa mara tatu kwa wiki alikaa kwenye kiti cha hospitali akisafishwa damu kwa mashine, madaftari ya wanafunzi mapajani. Alihitaji figo ya mtu. Ndugu wote wanne wakapimwa, na aliyelingana naye akatoka mmoja tu.

"Figo zako ni nzuri sana," daktari alimwambia Bonge. "Tatizo ni wewe uliyezizunguka." Akamtaka apunguze kilo sita katika miezi miwili. Zisiposhuka, kisu hakimgusi, maana hakuna daktari mwenye akili anayemhatarisha mtu mwenye afya ili kumponya mgonjwa.

Bonge akaapa. Siku hiyohiyo mkewe akamnunulia saa ya mkononi, ile inayohesabu hatua na kukuambia umechoma kalori ngapi. Alipokwenda kwa mtaalamu wa lishe wa hospitali, mama mmoja mpole mwenye miwani, Bonge alikuwa na swali moja tu.

"Nikifanya mazoezi nikachoma kalori mia tatu, nizirudishe kwa kula au niziache?"

"Inategemea," mama yule akasema. "Kama njaa ni ya kweli, rudisha kidogo, labda nusu, tena kwa chakula cha maana. Hiyo saa inakisia tu. Ukila kila inachokuambia, utakuwa unakula makisio."

Katika maneno yote hayo Bonge aliondoka na neno moja, "rudisha", akalibeba hadi nyumbani kama zawadi.

Hakuwa mvivu, asisingiziwe. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha tanuri, alizunguka uwanja wa mpira mara tano, akihema hadi mbwa wa mlinzi wakamwonea huruma wakaacha kumbwekea. Kisha aliingia kazini, akakanda unga kwa mikono. Mashine ya kukandia aliwahi kuletewa akaikataa, akidai haina vidole, itajuaje donge limeiva? Ilipofika mchana alitazama saa yake na kukuta amechoma kalori mia tisa, siku nyingine elfu moja na ushei. Alishangaa, lakini nani hubishana na habari njema? Akala skonzi mbili, akaongeza ya tatu yenye siagi, na dhamiri yake ikalala usingizi wa mtoto.

Mkewe ndiye aliyeanza kununa.

"Unachoma kisha unarudisha. Sasa unapungua wapi?"

"Mwili ni kama tanuri, mke wangu. Usipotia kuni, utaoka nini?"

"Tanuri halijaambiwa lipungue kilo sita."

Walibishana hivyo wiki nzima, wakaamua kumpelekea kesi mtu wa hesabu. Dada alikuja Jumamosi moja, akakaa juu ya gunia la unga pale kwenye chumba cha kuokea, akamtazama mdogo wake akikanda, akasikiliza pande zote mbili. Bonge alijiandaa kuchambuliwa kama karanga. Tangu utoto dada hajawahi kuwa upande wake hata mara moja.

"Mwache ale, wifi," dada akasema. "Mchumia juani hulia kivulini."

Mkewe alibaki mdomo wazi. Bonge naye alikula skonzi ya nne papo hapo, kwa heshima ya hukumu.

Miezi miwili ikaisha. Bonge akapanda mizani ya hospitali kifua mbele, na mizani ikasema amepungua nusu kilo. Daktari akamtazama. Muuguzi akautazama ukuta.

"Hali ya dada yako haitungoji," daktari akasema. "Nakupa wiki saba. Zikipita hujafika, nitaliweka jina lake kwenye orodha ya wanaosubiri figo ya mtu baki, na orodha hiyo, ndugu yangu, wengine huisubiri mpaka wakaondoka duniani."

Bonge alirudi kazini miguu ikiwa mizito kuliko yeye mwenyewe. Hakuelewa. Alikuwa ametembea, ametoka jasho, hakula kalori moja zaidi ya zile alizochoma. Akalivaa donge la mchana kwa hasira, akalisukuma, akalikunja, akalibwaga, akalisukuma tena. Saa ikalia mlio wa furaha mkononi mwake. Akaifuta unga kwa kidole, akasoma: Hongera, umetembea kilomita sita.

Tangu arudi kutoka hospitali hajatoka mbele ya meza ile.

Akasukuma donge mara kumi, akatazama. Hatua kumi zikaongezeka. Akasukuma ishirini, zikaja ishirini. Saa ilikuwa inahesabu mikono. Kila mkate aliokanda miezi miwili hii ulikuwa umeandikwa kama safari, na kila safari ameilia skonzi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya huyu ilikuwa imefika mamia ya kilomita bila kutoka chumbani. Mtu mwingine angecheka. Bonge alikaa chini sakafuni, unga hadi kwenye viwiko, akalia, kwa sababu kila skonzi ile ilikuwa imemla dada yake.

Hakubadili hata nguo. Alimkuta dada kwenye kiti chake cha hospitali, mirija mkononi, kalamu nyekundu katika mkono mwingine. Akamweleza yote, saa, donge, kilomita, akimalizia na kuomba msamaha kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wa viti vya jirani wageuke.

Dada hakuinua kichwa. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Tangu Jumamosi ile. Nilikaa kwenye gunia nikaona saa yako inapanda nawe umesimama tu. Mimi mwalimu wa hesabu, Bonge. Nisione hilo nione lipi?"

"Na ukasema niachwe nile."

"Nikasema uachwe ule."

Hasira zilimpanda Bonge mpaka masikioni, za kweli, ambazo hakuwahi kuwa nazo kwa mtu huyu hata siku moja.

Dada akafunika kalamu. "Naogopa," akasema, na alivyolisema neno hilo ilikuwa kama anatamka la lugha ngeni. "Ukilala kwenye meza ya upasuaji mzima ukaamka maiti, mimi nitaishi na kipande chako humu ndani, na wanao watanisalimia, 'Shikamoo shangazi.' Nitaitikia nini? Nikaona heri unenepe. Nikaona mtu hafi kwa skonzi."

"Skonzi zinaua pia, dada. Ila hazina haraka."

Dada akacheka bila kutaka, na mashine ikalia mlio wa onyo, na muuguzi akaja mbio kuwaambia kwamba hapa si barazani. Alipoondoka, Bonge akavuta kiti.

"Umenifanyia hesabu maisha yangu yote," akasema. "Ada, chakula, hata mchumba ulinichunguzia. Na nyingi ulipatia. Hii niachie. Mwili ni wangu, na anayeamua kuulaza pale ni mimi. Mimi pia naogopa. Naogopa kupita kwenye mlango wako nikute umefungwa."

Dada alichukua daftari jingine, akalifungua, akaliangalia muda mrefu bila kutia alama yoyote.

Tangu siku hiyo Bonge alivua saa kila alipoingia kwenye unga, akaitundika msumarini. Ikawa inaonyesha matembezi ya kweli peke yake, na matembezi ya kweli, kumbe, ni kitu kidogo cha kusikitisha. Mizunguko mitano ya uwanja ilimpa kalori za skonzi moja na nusu. Akaongeza mizunguko ikafika tisa. Siku za njaa ya kweli alirudisha nusu, mayai na matunda; siku za njaa ya mazoea alikunywa maji akanuna. Mkewe alihesabu mikate ya rafuni asubuhi na jioni, maana chovya chovya humaliza buyu la asali, na mwokaji hukaa ndani ya buyu lenyewe. Bonge alikuwa mkali na msumbufu wiki zote hizo, wateja wakaanza kujiuliza kama amefilisika.

Siku ya mwisho ya wiki ya saba alikwenda hospitali, na dada akaja naye. Hakusema kwa nini amekuja. Walipanda ngazi polepole, wakipumzika kila kituo, kwa ajili ya dada sasa, si kwa ajili ya Bonge.

Bonge akapanda mizani. Sindano ikatetemeka, ikasimama. Muuguzi akainama, akasoma, akakunja uso.

"Umezidisha gramu mia tatu," akasema.

Bonge alijua maana yake. Akamgeukia dada yake, na katika uso ule akatafuta ahueni ambayo mwanamke huyu alikuwa akiiomba tangu Jumamosi ya gunia. Dada angeweza kunyamaza tu. Kunyamaza kungetosha kabisa.

Dada alikuwa akitazama chini, kwenye miguu ya mdogo wake, kwenye viatu vya kazi vyenye soli nene na bati puani.

"Shuka," akasema.

Akaweka mkoba wake sakafuni, akashika kiti, akapiga magoti polepole mpaka yote mawili yakagusa chini. Bonge akataka kumzuia.

"Dada, acha, nitavua mwenyewe."

"Tulia," dada akasema, vidole vikiwa tayari kwenye kamba. "Lete na mguu wa pili."