Kengele Mguuni mwa Joyeuse

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na ndani ya nyumba ya mbao kulikuwa na giza tupu Charline aliposikia kengele. Ilikuwa sauti ndogo, ya chuma kilichopasuka ukingoni, kama kijiko kinachogongwa taratibu kwenye kikombe. Alipapasa vyombo, vyote vilikuwa vimetulia. Akapapasa kitanda cha binti yake Joyeuse, akaufikia mguu wa kushoto, chini ya goti, kwenye kidonda kile kilichokataa kupona. Mguu ulikuwa wa moto. Kengele ilikuwa humo.

"Ni Bihogo," alisema muzee Hilaire, baba mkwe wake, kutoka upande wa pili wa pazia. "Hiyo kengele niliifunga mimi mwenyewe shingoni mwake."

Basi wakajua ng'ombe wao walikokwenda. Huko kwao Masisi, siku watu wenye bunduki walipolichukua kundi, risasi moja ilimpata Joyeuse akiwa anachunga ndama. Ilikwaruza mfupa, ikatoka upande wa pili. Walikimbilia Goma bila ng'ombe hata mmoja. Kidonda kikafunga, kikafunguka, kikaanza kutoa usaha wenye harufu ya zizi.

Muzee alifanya kile ambacho mfugaji yeyote angefanya. Kila jioni aliketi kando ya kitanda, akapaka kidonda siagi, akawaita ng'ombe kwa majina, Bihogo, Gaju na wenzao, kwa ile sauti ya chini ya kuwaingiza bomani. Waliitika. Kengele ilisogea, ikatulia, maumivu yakashuka, mtoto akalala. Charline naye alinunua vidonge sokoni Birere, akampa mpaka homa ilipokwisha, vilivyobaki akaviweka. Homa ikarudi. Akampa tena. Ikaenda hivyo msimu mzima wa mvua.

"Mama Joyeuse," alisema jirani, mama Eugénie, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, juu ya ukuta wa mawe ya volkano, "kama hawa ng'ombe yenu wanatukatalia kulala, basi mutuletee hata maziwa."

"Nani atawakamua, mama? Wako ndani ya mufupa."

"Eh. Basi pole."

Joyeuse alipoanza kujikokota kwa makalio, Charline alimbeba mgongoni hadi hospitali, muzee akifuata na fimbo yake. Dokta Fabiola, mwanamke wa Butembo asiyependa maneno mengi, aliubonyeza mguu, akausikiliza, akaagiza damu ipimwe na mguu upigwe picha ya radio, ile ya kuonyesha mifupa. Picha ilipotoka aliiinua dirishani. Katikati ya mfupa palikuwa na kipande kilichokufa, na mfupa mpya ulikuwa umeota kukizunguka kama ua wa boma. Ndani ya ua ng'ombe walikuwa wamelala, wakicheua.

"Mufupa umeoza ndani," alisema. "Dawa inasafiri na damu, na hiki kipande damu haikifikii tena. Ndiyo maana vidonge vyako vinatuliza tu, mama, havimalizi. Na huyu muzee anayewaita kila jioni anawazoeza kubaki."

"Ninawaita nyumbani," alisema muzee.

"Muguu ya mutoto haiko boma, papa."

"Weye ni mutu wa Butembo. Unajua nini juu ya ng'ombe?"

"Hakuna. Sisi tunajua maharagi. Lakini mifupa ninajua."

Akawaeleza kazi ilivyo. Kwanza vidonge visimame wiki mbili, ili vijidudu waache kujificha. Kisha mguu ufunguliwe, kilichokufa kitolewe, na vipande vya mfupa wenyewe, si usaha wa juu, viende maabara, wajue ni kijidudu gani na dawa gani inamuua. Halafu dawa hiyo, wiki sita, bila kuruka hata homa ikiisha. Wakichelewa, uozo utapanda hadi gotini, na hapo kitakachobaki ni kukata.

Muzee Hilaire aliwahesabu ng'ombe kwenye picha.

"Wakitoka hawana pa kurudi," alisema. "Kule kilima chetu kimekaliwa. Hii ndiyo mali yote tuliyobakia nayo."

"Papa," alisema Charline, "mimi niko na mutoto mumoja. Watoke."

Jioni hiyo muzee hakuwaita ng'ombe.

Upasuaji ulifanyika asubuhi moja, wiki zile mbili zilipokwisha. Ng'ombe walitoka pamoja na kile kipande, wadogo kama punje za maharagi, wakawekwa kwenye bakuli, na wakawa wakikua kadiri walivyokauka. Walipofika mlangoni ilibidi wainamishe pembe. Mwanamke wa usafi aliwafuata koridoni na fagio. Kamate, mlinzi wa geti, aliwafungulia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ng'ombe wasitoke.

Muzee aliwafuata barabarani hadi kwenye kizuizi cha watu wenye bunduki. Alirudi na fimbo tu.

"Ni walewale," alisema. "Wanasema ng'ombe ni mali yao. Wanasema ng'ombe wamewazoea."

Maabara walimtambua kijidudu, na dawa inayomuua ikaanza, kwanza kwa mshipa, kisha kwa mdomo. Homa iliisha mapema. Charline aliendelea kumpa mtoto dawa. Mama Eugénie alimletea supu ya sambaza akasema sasa kimya ndicho kinachomnyima usingizi.

Siku ya mwisho ya dawa dokta aliubonyeza mguu, akausikiliza, hakusikia kitu, akasema kitakachobaki ni kovu tu. Walirudi kwa miguu, polepole, Joyeuse akichechemea kidogo katikati ya mama yake na babu yake. Karibu na Birere watu walikuwa wamesogea pembeni kama kawaida yao: watu wenye bunduki walikuwa wakipitisha ng'ombe kuelekea machinjioni. Mbele alitembea Bihogo, kengele ikilia shingoni. Muzee Hilaire alitazama chini. Charline alimshika binti yake mkono.

Joyeuse aliuchomoa mkono wake. Akakanyaga jiwe jeusi kwa mguu wa kushoto, akausimamia, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara:

"Ile kengele ni yetu."