Intaneti ya Kupigwa Muhuri

Mwaka 2003 nilikuwa na chumba cha intaneti Mikumi, kando ya barabara kuu. Kompyuta tatu, printa moja, na laini ya simu iliyokatika kila wingu lilipotanda. Wateja wangu walikuwa walimu, waongoza watalii na vijana waliotafuta vyuo. Hatukumsumbua mtu. Kisha ikaja barua kutoka Kilosa.

Aliyeiandika ni Mzee Lupakisyo, mwenyekiti wa kamati ya maadili, kamati aliyoiunda mwenyewe na kuwabembeleza wakubwa fulani waibariki. Enzi za sinema za gari, zile zilizozunguka vijijini na kuonyeshwa uwanjani usiku, huyu mzee ndiye aliyekaa karibu na mashine na kuziba lenzi kwa kiganja kila wapendanao walipokaribiana. Watu waliona giza, wakapiga miluzi, picha ikarudi mambo yakiwa yamekwisha. Sinema za gari zikafa, vibanda vya video vikafunguliwa kila kona, na kiganja chake kikakosa kazi. Intaneti hakuwahi kuigusa, lakini ubaya wake aliujua wote.

Barua ilisema kwamba mpaka mdahalo wa hadhara ufanyike, mteja haruhusiwi kutazama kompyuta. Nimfungulie mimi, nichape ukurasa, upelekwe Kilosa kwa basi la kupitia kijiji cha Ulaya, ukaguliwe, upigwe muhuri, ndipo apewe. Nikikataa, nifunge chumba. Niliisoma mara mbili nikitafuta mahali pa kucheka. Nikatii, maana leseni yangu ilikuwa bado kwenye meza za hao hao wakubwa.

Kamati ilimleta mjumbe wake, Bryson, akae na mimi. Karatasi ikitoka kwenye printa, anaidaka ikiwa bado ya moto na kuitia kwenye bahasha. Kila jioni alichomoa waya wa simu akaenda nao nyumbani mpaka asubuhi, kana kwamba intaneti ingetoroka.

Siku ya tatu akaingia binti mmoja wa wafugaji, Namelok, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu."

"Ng'ombe wa baba wanatupa mimba. Watano mwezi huu. Na mama ana homa haiishi, inakuja na kuondoka. Nataka kujua kama ni ugonjwa mmoja."

Nikatafuta, nikapata ukurasa wa Kiswahili ulioandikwa na wataalamu wa mifugo. Nilikuwa nimesoma kichwa cha habari tu Bryson aliponiambia nichape.

Karatasi ilirudi baada ya siku nne, na Namelok alizihesabu zote. Juu kulikuwa na muhuri: IMEKAGULIWA. Chini yake, wino mweusi; yaliyofutwa niliyajua baadaye tu, nilipoufungua ukurasa ule Bryson akiwa hayupo. Neno mimba limefutwa. Kizazi, limefutwa. Uke, kondo la nyuma, dume, yote yamefutwa. Hata neno maziwa lilikuwa limezibwa kila lilipotokea, sijui mzee alikuwa akiwaza maziwa gani. Sentensi moja ilibaki hivi: "Binadamu huambukizwa kwa kunywa", doa jeusi, "bila kuchemsha".

"Kunywa nini, dada?" aliniuliza.

Nilimtazama Bryson, maana bila ruhusa yake nisingeweza kuufungua tena ukurasa. Bryson akatazama dirishani.

"Sijui, mdogo wangu," nilisema, na aibu ya jibu lile ninayo mpaka leo.

"Huo mdahalo ni lini?"

"Jumamosi."

Tulikwenda Kilosa pamoja. Ukumbi ulijaa. Mzee Lupakisyo alisimama na suti yake ya kijivu akasema intaneti ni mfereji wa maji machafu, na serikali makini huweka koki mlangoni. Akapigiwa makofi na watu waliokuwa hawajawahi kuiona. Upande wa uhuru alisimama mwalimu Nikolaus, ambaye alizungumza dakika arobaini juu ya utandawazi hata safu ya mbele ikasinzia. Uhuru haukuwahi kutetewa vibaya namna ile.

Aliyenigusa ni Marselina, mama mchuuzi wa nguo, aliyesimama kumuunga mkono mzee. Alisema binti yake alikuta picha chafu kwenye kafe moja ya Morogoro, na mwenye kafe akamcheka. Hakuna aliyemcheka pale. Mimi mwenyewe niliamua hapo hapo kuzigeuza kompyuta zangu ziangalie mlango, ili kila anayeingia aone kinachotazamwa.

Kisha Namelok akaomba nafasi. Hakutoa hotuba. Aliinua karatasi na kuisoma, na kila alipofika penye wino alisema, "Nyeusi."

"Ng'ombe aliyeambukizwa hutupa nyeusi. Nyeusi hubaki ndani ya nyeusi. Binadamu huambukizwa kwa kunywa nyeusi bila kuchemsha."

Watu walianza kucheka, kisha wakaacha. Namelok alikuwa analia.

"Mama yangu anaumwa," alisema. "Mzee, naomba uniambie. Anywe nini, asinywe nini?"

"Maneno hayo hayafai mbele ya watoto," alijibu Mzee Lupakisyo.

Marselina akasimama tena. "Ni ng'ombe, mzee! Mimi niko upande wako, lakini mjibu mtoto. Wewe si uliisoma?"

Mzee alivua miwani. "Sikumbuki. Mimi nakagua maneno. Sisomi habari."

Ukumbi mzima ulimsikia. Nyuma kabisa akasimama Regina, daktari wa mifugo. "Maziwa," alisema kwa sauti. "Chemsheni maziwa. Na huyo mama apelekwe hospitali leo, apimwe damu."

Hawakupiga hata kura. Mwenyekiti wa mdahalo alitangaza kwamba hoja itafanyiwa kazi, jambo ambalo kwa lugha ya ofisi maana yake ni kwamba imekufa. Jumatatu Bryson hakuja, na waya wangu hakuurudisha. Nilinunua mwingine.

Mama yake Namelok alikutwa na ugonjwa ule ule wa ng'ombe, akameza vidonge wiki sita, akapona. Regina alipima kundi zima, na baba yake Namelok, Mzee Lemayan, akawatenga tisa kwa uchungu mkubwa.

Mzee Lupakisyo hakuomba radhi kwa mtu. Tukikutana sokoni Kilosa namwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa kwangu kwa umri. Anaitikia marahaba huku akitazama pembeni, nami napita zangu.